Kupima Kabla ya Kufungua

Injini ndogo ya petroli inaishi kwa kufunga. Wengi hudhani inaishi kwa kuwaka, kwa sababu moto ndio unaosikika, lakini kabla ya moto kuna kazi nyingine ya kimya. Pistoni hupanda ikisukuma mchanganyiko wa hewa na petroli, na mchanganyiko huo hubanwa mpaka ubaki kwenye kanafasi kadogo juu ya silinda. Ukibanwa vizuri, cheche ya plagi inaugeuza kuwa nguvu. Usipobanwa, cheche itapiga bure, petroli italowanisha plagi, na wewe utavuta kamba mpaka bega liume. Mafundi wetu wana maneno mawili ya tatizo hilo: haina kompresheni.

Tatizo hili lina milango michache. Hewa iliyobanwa inaweza kutoroka pembeni mwa pistoni, ikiwa ringi au ukuta wa silinda vimelika. Inaweza kutoroka kwenye valvu, ile ya kuingiza au ile ya kutoa moshi, ikiwa haikai sawasawa kwenye kiti chake. Inaweza kutoroka kwenye gasketi ya hedi. Mara chache hutoroka kwenye tundu la plagi yenyewe. Basi, orodha imeisha. Shida ni kwamba milango karibu yote iko ndani, na mwenye injini haoni hata mmoja. Anachoona ni mashine isiyowaka na fundi anayeitazama.

Hapo ndipo swali langu linapoanzia. Mtu anayejua jambo kuhusu mali yako, jambo ambalo wewe huna njia ya kulikagua, anadaiwa nini? Na wewe unadaiwa nini naye?

Nasoma shahada ya uzamili ya falsafa, na maswali ya namna hii ndiyo kazi ninayopaswa kuifanya darasani. Lakini hili nimelifikiria zaidi Majengo, Mpanda, nikiwa nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikimshikia mjomba tochi. Karakana yake ni bati nne na nguzo sita. Kinacholetwa pale kinafuata msimu: pikipiki mwaka mzima, toyo wakati wa mavuno, pampu za maji kiangazi, na mvua zikianza, mashine za kukata nyasi. Hizi za mwisho si nyingi. Wengi wetu tuliujua ukataji wa nyasi kwa kwanja, asubuhi kabla ya paredi, mwalimu wa zamu akipita nyuma na fimbo. Lakini Katavi ilipomegwa kutoka Rukwa na kuwa mkoa mwaka 2012, Mpanda ikawa makao makuu yake. Makao makuu huwa na ofisi, na mbele ya ofisi kuna nyasi zinazotakiwa ziwe fupi.

Kijana mmoja alileta mashine yake mwezi wa kwanza, nyasi zikiwa zimefika magotini. Alikuwa na makubaliano ya kukata kwenye nyua kadhaa za mjini, na ile mashine, aliyoinunua ikiwa imeshatumika, ndiyo iliyomlipia kodi ya chumba. Ilikuwa imegoma kwa siku tisa. Fundi mwingine alikuwa ameshaivuta kamba, akatikisa kichwa na kutoa hukumu: ringi zimekwisha, silinda ichongwe, iwekwe pistoni ya ovasaizi, vifaa viagizwe Dar es Salaam. Gharama yake ilizidi nusu ya bei aliyonunulia mashine. Alikuja kwa mjomba kuuliza kama kuna mtu anayenunua mashine mbovu kwa ajili ya spea.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Kabla hujaiuza, nieleze. Ilikufa ghafla au ilianza kidogo kidogo?"

"Kidogo kidogo. Mwanzoni ilikuwa inazima ikipata moto. Naiacha ipoe, inawaka. Halafu ikawa inachukua muda zaidi kupoa. Sasa hivi hata asubuhi haiwaki."

"Moshi wa bluu ulikuwepo? Oili ulikuwa unaongeza mara kwa mara?"

"Hapana, oili haikuwa inapungua."

Mjomba alikaa kimya kidogo, kisha akasema jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwa fundi: "Kupima ni shilingi elfu tano. Nikipata ugonjwa utanilipa, nisipoupata utanilipa. Kutengeneza tutaongea baadaye." Kijana aliangalia chini, akahesabu kichwani, akakubali.

Kilichofuata kilichukua chini ya saa moja, na nitakieleza hatua kwa hatua kwa sababu hoja yangu imo kwenye mpangilio wake.

Kwanza alichomoa waya wa plagi, maana kisu cha mashine hiyo hakina mzaha. Kisha akaizungusha injini kwa mkono, kinyume na mzunguko wake wa kawaida. Injini nyingi za aina hii zina kifaa kidogo ndani kinachoachia hewa kiasi wakati wa kuvuta kamba, ili mkono usiumie. Kwa hiyo kamba kuwa nyepesi peke yake hakuthibitishi kitu. Ukizungusha kinyume, kifaa hicho hakifanyi kazi, na injini nzima inapaswa kugonga hewa na kurudi kwa nguvu kama mpira. Hii haikurudi. Kweli, kompresheni ilikuwa imepotea.

Pili, alifungua plagi, akamimina kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye tundu lake, akazungusha mara kadhaa ili oili isambae, akarudisha plagi na kujaribu tena. Mantiki yake ni rahisi. Oili huziba kwa muda nafasi iliyoko kati ya ringi na ukuta wa silinda. Kama hewa ilikuwa inatorokea pale, nguvu itarudi kidogo. Kama inatorokea kwenye valvu au gasketi, oili haitabadilisha kitu. Haikubadilisha kitu. Hukumu ya ringi ilianza kuyumba kwa kijiko cha chai.

Tatu, alinituma kwa jirani anayeziba pancha nikalete mpira wa kompresa. Aliiweka pistoni juu kabisa, valvu zote mbili zikiwa zimefungwa, akabana kisu kwa kipande cha ubao ili kisizunguke, kisha akapuliza hewa kupitia tundu la plagi. Tukasikiliza. Kwenye tundu la kujazia oili, kimya. Hilo lilikuwa jibu la pili kuhusu ringi, maana zingekuwa mbovu hewa ingeshuka huko. Kwenye kabureta, kimya. Alipaka maji ya sabuni pembeni mwa hedi, hakukuwa na povu. Kwenye ekzosi kulikuwa na mvumo wa hewa mwembamba usiokatika.

Nne, alifungua mfuniko wa valvu, nati chache tu, na kujaribu kupitisha fila kati ya mkono unaosukuma valvu ya moshi na shina la valvu yenyewe. Haikupita hata ile nyembamba kabisa. Nafasi inayotakiwa pale ni ndogo sana. Kwenye Honda GX160, injini ambayo nakala zake zimejaa kwenye pampu za maji, kipimo ni milimita 0.15 kwa valvu ya kuingiza na 0.20 kwa valvu ya kutoa moshi, injini ikiwa baridi. Milimita 0.20 ni unene wa karatasi mbili za daftari. Lakini bila karatasi hizo mbili, shina la valvu likirefuka kwa joto halina pa kwenda, na valvu hubaki wazi kidogo wakati inapaswa kuwa imefungwa. Ndiyo maana ugonjwa ulianza kwa kuzima ikipata moto. Valvu inapozama kwenye kiti chake kwa miaka ya kugongana, nafasi hiyo hupungua, na siku moja inakwisha hata asubuhi yenye baridi.

Mjomba alirekebisha nafasi kwa kipimo cha injini ile, akaifunga, akachokonoa majani makavu yaliyoziba mapezi ya kupozea, na injini ikawaka kwa mvuto wa tatu.

Kisha akasema sehemu ya ukweli ambayo ingekuwa rahisi kuiacha. "Itafanya kazi. Lakini valvu imeshazama. Inaweza kumaliza msimu, inaweza isimalize. Ikirudia, usiivute vute kamba, ilete tufungue hedi tusage valvu. Na haya majani uyatoe kila wiki, ndiyo yanayoipika."

Ningependa kusema kwamba hapo kila mtu alifurahi. Kijana alifurahi mpaka alipotajiwa bei ya matengenezo, shilingi elfu kumi juu ya ile tano. "Fundi, si umezungusha nati tu?" Hakuwa mkorofi. Alikuwa mtu aliyekosa kipato siku tisa, na kwa macho yake mwenyewe aliona nati ikizungushwa kwa dakika kumi. Ila nilijiuliza swali ambalo sijaacha kujiuliza. Yule fundi wa kwanza, kama angefungua injini nzima, akamkabidhi ringi kuukuu zilizojaa masizi kwenye boksi la ringi mpya, kijana huyu angelipa mara kumi ya hapo, na huenda angeshukuru.

Mwaka 1973 wachumi wawili, Michael Darby na Edi Karni, waliandika kuhusu huduma ambazo ubora wake mteja hawezi kuujua hata baada ya kuzinunua. Matengenezo ya vyombo ni mfano wake mzuri. Embe ukilinunua bovu, utajua ukilikata. Lakini ukiambiwa ringi zimekwisha, zikabadilishwa na injini ikawaka, utajuaje kwamba ringi za zamani zilikuwa nzima, na kilichoiponya ni valvu iliyorekebishwa njiani wakati wa kufunga? Anayetambua ugonjwa ndiye huyo huyo anayeuza dawa. Kila kinachomfaidi mfukoni kinamshauri aone ugonjwa mkubwa.

Swali hili ni la zamani kuliko petroli. Katika kitabu cha kwanza cha *Jamhuri* cha Plato, Thrasymachus anadai kwamba mwenye nguvu daima hufanya kinachomfaa yeye. Sokrate anamjibu kwa mfano wa fundi. Tabibu, akiwa tabibu, hutafuta kinachomfaa mgonjwa. Nahodha, akiwa nahodha, hutafuta kinachowafaa walio chomboni. Malipo ni kitu kingine, karibu ufundi wa pili unaoambatana na ule wa kwanza. Mtu huyo huyo hutibu na hulipwa, lakini kutibu si kulipwa.

Nilipoisoma hoja hiyo mara ya kwanza niliiona nzuri lakini ya mtu asiyedaiwa ada ya shule. Fundi wa Majengo hana namna ya kuacha njaa nje ya karakana halafu aingie ndani akiwa fundi mtupu. Bado naamini Sokrate alishika jambo la kweli, nalo linahusu kipi kinatangulia. Mjomba hakuacha malipo yake. Alichofanya ni kuyatenga. Bei ya kupima ilikubaliwa kabla hajajua ugonjwa, na ikawa ile ile kwa jibu lolote. Kwa namna hiyo mfuko wake haukuwa na upande wakati mkono wake unapima. Alipomimina kijiko cha oili, hakuwa na cha kupoteza ringi zikionekana nzima. Uaminifu wake haukuachiwa moyo peke yake. Aliujengea njia ya kupita.

Kuna mtu atasema namwonea yule fundi wa kwanza, na atakuwa na haki ya kusema hivyo. Sina ushahidi kwamba alikuwa mwizi. Inawezekana kabisa aliamini alichosema. Mtu ambaye kila siku anashika pikipiki za bodaboda zilizokimbizwa kwenye vumbi na chujio la hewa lililochanika, amezoea kukuta ringi zimelika kweli. Akivuta kamba nyepesi, jibu linamjia kabla hajauliza. Je, mtu asiyedanganya, aliyekosea tu, ana kosa la kimaadili?

Mwanahisabati Mwingereza William Clifford alichapisha mwaka 1877 insha kuhusu maadili ya kuamini, na ndani yake kuna mwenye meli. Meli yake ni kuukuu, ana wasiwasi nayo, lakini anajituliza kwamba imeshavuka bahari mara nyingi na Mungu atailinda. Anaiachia iende na abiria, akiwa anaamini kwa dhati kwamba ni salama. Inazama. Clifford anasema ana hatia, na dhati ya imani yake haimwokoi, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini hivyo kwa ushahidi aliokuwa nao. Anaongeza jambo gumu zaidi: hata kama meli ingefika salama, hatia ingebaki pale pale.

Nadhani Clifford anafaa chini ya bati za karakana kuliko anavyofaa kwenye mambo mengine. Hatuwezi kudai ushahidi kamili kwa kila tunachoamini. Tungeshindwa hata kuvuka barabara. Lakini pale imani yangu inapolipiwa na mtu mwingine, na pale kipimo cha kuikagua ni kijiko cha oili na dakika tano, kutopima kunakuwa kosa hata kama sikuwa na nia mbaya. Uzito wa wajibu wa kupima unalingana na vitu viwili: gharama ya kukosea kwa yule atakayeibeba, na urahisi wa kujua. Kwa yule kijana, gharama ilikuwa mashine kuuzwa kwa bei ya vyuma. Kujua kulikuwa rahisi.

Ndiyo maana nasema hoja imo kwenye mpangilio wa hatua. Mjomba alianza na maswali, ambayo hayana gharama. Akaja kwenye kuzungusha kwa mkono, kisha oili, kisha hewa, kisha mfuniko wa nje. Kila hatua ilikuwa ghali kidogo kuliko iliyotangulia, na kila moja iliweza kumwambia kwamba anachodhani si kweli. Kufungua hedi kungekuja mwisho, kwa sababu hedi ikifunguliwa haifunguki kwa majaribio tu. Gasketi iliyokwisha kubanwa na kupikwa haiaminiki kurudishwa, na huku Mpanda, gasketi ya mashine ya nyasi si kitu unachokikuta duka la jirani. Fundi anayeanza kwa kufungua ameshamtumia mwenzake fedha kabla hajajua kama kulikuwa na haja. Mpangilio huo unaweza kuuita busara ya kazi, lakini mimi naona ni heshima kwa mtu ambaye hayupo ndani ya silinda kujitetea.

Turudi kwenye elfu kumi na ile nati, kwa sababu deni haliko upande mmoja. Sisi wateja tunalalamika kwamba mafundi wanatudanganya, na mara nyingi tuna haki. Lakini tunalipa nini? Tunalipia vitu tunavyoviona: boksi jipya, jasho, mikono iliyojaa grisi, mashine iliyolazwa vipande vipande kwa siku mbili. Anayejua, akamaliza haraka, tunamwona katupiga. Tukifanya hivyo kila siku, tunawafundisha mafundi kwamba ukweli mfupi hauna soko na uongo mrefu unalisha watoto. Fundi mwaminifu anabaki analipa kodi ya uaminifu wake peke yake.

Tena, hatuwezi kusema kulipia kujua ni jambo geni kwetu. Mtu akiwa na homa anaenda maabara, anatobolewa kidole, analipa, na anaambiwa hana malaria. Hakuna anayedai arudishiwe hela kwa sababu wadudu hawakuonekana. Sote tunaelewa kwamba jibu la "hakuna" lina thamani, kwa sababu limetuepusha na dawa tusiyoihitaji na limetutuma tutafute pengine. Kama tunaelewa hivyo kuhusu damu, tunaweza kuelewa hivyo kuhusu injini, simu, redio, paa na hata kesi ya ardhi. Elfu tano ya "si ringi" ilikuwa jibu la maabara.

Kuna watakaosema dawa ni vyeti na usimamizi. Nami sipingi. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mitaani, na fundi aliyepimwa na kutambuliwa anamrahisishia mteja kuchagua. Lakini cheti kinasema mtu huyu anaweza kupima. Hakisemi kwamba leo, saa kumi jioni, foleni ikiwa ndefu na mteja akiwa ameshakubali kuambiwa ni ringi, atapima. Pengo hilo halizibwi na karatasi. Linazibwa na mambo mawili yanayotegemeana: fundi anayekataa kutoa hukumu kabla ya kipimo, na mteja aliye tayari kulipia kipimo ambacho hakimwachii kitu mkononi.

Yule kijana alilipa. Alilipa kumi siku ile na tano ya mwisho wiki iliyofuata, kwa simu, bila kukumbushwa. Sijui mwenyewe aliliona vipi. Ninachojua ni kwamba vitu vingi tunavyovitegemea vimefungwa, na ndani yake kuna mtu mwingine anayetazama kwa niaba yetu: daktari, wakili, fundi, mhasibu, siku moja labda mimi na shahada yangu. Wajibu wa kwanza wa mtu huyo, kabla ya kuponya, ni kutofungua kisichohitaji kufunguliwa. Wajibu wetu ni kukubali kwamba kutazama kule ni kazi, na kumlipa kwa hiyo kazi hata akitoka na habari ndogo.